Kondoo Sitini kwa Nyasi za Arobaini

Selholt, kaskazini mwa Aislandi

Januari 8, Jumapili

Mchungaji amenipa daftari kuukuu ambalo kurasa zake za nyuma hazijaandikwa kitu. Anasema mtu aliyejifunza kuandika akikaa bure mkono husahau. Mimi nilifundishwa na marehemu bibi, halafu miezi michache kabla ya kipaimara, basi. Makosa yatakuwepo.

Tuko watano: mume wangu Bessi, mama yake Oddný, Salvör wetu wa miaka mitano, Ketill anayenyonya, na mimi. Tuna ng'ombe mmoja, farasi mmoja na kondoo sitini. Nyasi tulizokausha kiangazi zinatosha kondoo arobaini. Ormur, mkuu wa kata, alikuja mwezi wa kumi, akaingiza mkono kwenye rundo la nyasi mpaka begani, akasema tuchinje ishirini. Bessi akamjibu kwamba kondoo wa Selholt wanajua kufukua theluji wenyewe, hawajazoea kuletewa chakula kitandani kama wa matajiri. Watu walicheka. Nami nilicheka. Jirani yetu Steinvör, mjane wa shamba la Bakki ng'ambo ya mto, alichinja theluthi nzima ya kondoo wake, tukamsema kwamba anaogopa mpaka kivuli chake.

Theluji si nyingi. Kondoo wanatoka kila siku kujitafutia. Mwaka huu utakuwa mzuri, naona.

Januari 19

Hewa tulivu. Ketill ameota jino.

Januari 29, Jumapili

Imenyesha mvua siku mbili, mvua kabisa, katikati ya baridi. Nilifurahi, nikidhani theluji itakwisha. Leo kila kitu kimeganda. Bonde lote limekuwa kioo. Bessi aliwatoa kondoo wakarudi miguu inachuruzika damu. Wanapiga kwato, barafu haivunjiki. Nyasi za mlimani wanaziona chini yake na hawazifikii.

Wamelishwa ndani.

Februari 4

Barafu. Wamelishwa ndani.

Februari 7

Barafu. Ndani.

Februari 12, Jumapili

Leo Bessi alikaa kitandani akinoa kisu kirefu. Hatukuwa na sababu ya kunoa kisu, kwa hiyo sote tulijua. Oddný akaacha kufuma. Akasema afadhali, tena angefanya hivyo mwezi wa kumi alipoambiwa na mtu mwenye akili. Bessi akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba anataka kuchinja ishirini na tano, wabaki thelathini na tano watakaofika majira ya nyasi mpya.

Mimi ndiye niliyemzuia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wale majike wana mimba. Nilimwambia anachinja hamsini, si ishirini na tano. Nilimwambia asikilize upepo, umehamia kusini, juma moja tu barafu itayeyuka. Nilimwambia hata mwaka niliozaliwa iliganda hivi na ikaachia kabla ya mwezi wa tatu.

"Wewe una uhakika?" akaniuliza.

"Nina uhakika."

Akanitazama kama mtu anayetaka sana kuambiwa jambo na sasa ameambiwa. Akakifuta kisu, akakirudisha juu ya boriti. Baadaye alimpakata Salvör, akamfundisha kulia kama kunguru mpaka Oddný akawaomba wanyamaze.

Februari 20

Nilikuwa sahihi. Siku mbili za joto, maji yanatiririka kila mahali, mlima unaonyesha mgongo. Bessi ananiita nabii wa kike.

Februari 23

Imeganda tena. Mbaya kuliko mwanzo.

Machi 9

Jana asubuhi tuliamka hatusikii bahari. Siku zote tunaisikia, hata hatuitambui, kama mtu asivyotambua pumzi zake. Nilitoka na ndoo nikasimama. Ghuba yote imejaa barafu ya baharini iliyokuja kutoka kaskazini, nyeupe mpaka mwisho wa macho. Meli ya unga haitafika. Samaki hawavuliki. Na baridi inayotoka kule inaingia mpaka ndani ya kuta za udongo. Asubuhi nguo ya Ketill ilikuwa imegandia ukutani.

Leo Ormur amekuja kwa miguu, mwendo wa saa tatu juu ya barafu. Nilimpa maziwa ya moto. Tumebaki na kondoo arobaini na mmoja. Wengine wamekufa wenyewe, wembamba kiasi kwamba nyama yao haikuwa nyama. Aliingia bandani akamshika kila mmoja mgongoni. Kisha akakaa nasi akasema bila kupandisha sauti. Siku ya kuhama, Alhamisi ya kwanza ya Juni, atarudi na mashahidi wawili. Akikuta ng'ombe hai na kondoo kumi wenye kusimama, tutabaki Selholt, na kata itatusaidia mbegu na unga. Pungufu ya hapo, nyumba itavunjwa.

Kila mtu hapa anajua kuvunjwa nyumba ni nini. Mume anakwenda kutumika shamba moja, mke shamba jingine, bibi kizee pengine. Watoto wanapewa yule atakayeiomba kata matunzo madogo kuliko wote. Aombaye kidogo ndiye alishaye kidogo. Nimekwisha kuwaona watoto hao kanisani. Wanakaa karibu na mlango.

Bessi alimwambia kondoo kumi ni wachache mno, atamkuta na thelathini. Ormur akasema, "Bessi, mimi sitaki kukushinda. Nataka kukukuta na kumi."

Alipoondoka tulimsema vibaya. Mimi zaidi ya wote.

Machi 15

Thelathini na sita.

Machi 22

Thelathini na mmoja. Barafu haijasogea.

Machi 27

Oddný anasema hasikii njaa, sehemu yake apewe Salvör. Nimekula naye miaka saba na sijawahi kuona chakula kilichomshinda. Zamani niliandika moyoni kwamba ni mwanamke mwenye mdomo mchungu. Mdomo ni ule ule, leo asubuhi ameniambia uji wangu unafaa kuzibia paa. Lakini amelipeleka bakuli lake kwa mtoto.

Aprili 2, Jumapili

Nyasi zimekwisha. Tumepasua magodoro, kwa kuwa nayo ni nyasi, za miaka mitatu na zenye vumbi la watu, lakini ng'ombe amezila. Tunalala juu ya mbao na ngozi. Kondoo wanapewa vijiti na vichwa vya samaki vilivyopondwa. Salvör aliuliza ng'ombe akimaliza kitanda chake atakula cha nani.

Aprili 6

Steinvör amekuja akivuta sleji yenye mizigo miwili ya nyasi. Mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kuvuka mto ulioganda. Zilikuwa za kijani. Niliingiza pua ndani yake nikalia kama mjinga. Bessi hakuweza kutoka nje kumwamkia; alijifanya anatengeneza mlango wa banda.

Nilianza kumshukuru, naye akanikatiza. Alisema kondoo wake ni wachache, nyasi zimebaki, na kitu kilichobaki hakina shukrani. Hakukumbusha neno lolote la mwezi wa kumi. Ningependa angekumbusha.

Aprili 20, Alhamisi

Sikukuu ya siku ya kwanza ya kiangazi, kwa kalenda ya kwetu. Jana jioni nilitoa sahani ya maji nje kama ilivyo desturi, nione kama kiangazi na baridi vitagandana. Maji yakiganda, kina cha barafu ndicho kina cha malai kwenye maziwa ya mwaka huo.

Leo sahani ilikuwa imepasuka. Maji yameganda mpaka chini.

Nilimwambia Bessi kwamba hiyo ni ishara ya malai mengi sana. Nilitegemea angecheka. Alisema, "Herdís, usiniambie tena kitu chochote kitakuwa kizuri." Hakusema kwa hasira. Akatoka.

Salvör nimempa soksi nilizomfumia. Amezivaa akatembea juu ya mbao akizionyesha kwa ng'ombe.

Aprili 21

Kumi na tisa.

Mei 3

Jua. Barafu ya baharini imefungua mlango mdogo mashariki. Kumi na saba. Vijani vimetokea upande wa kusini wa paa letu la udongo. Bessi alimpandisha Salvör juu akavichuma kwa vidole, kimoja kimoja, akamletea ng'ombe. Kumi na saba ni zaidi ya kumi. Sikusema kwa sauti.

Mei 14, Jumapili

Wameanza kuzaa. Mama hawana maziwa, wana wengi wanakufa siku hiyo hiyo, lakini majike kumi na sita wanasimama na wanakula nyasi za ardhini zenyewe. Bessi ameimba leo. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba vibaya.

Mei 24

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeungua kwa baridi.

Juzi asubuhi kulikuwa na joto na tuliwaacha kondoo wote mlimani kwenye majani. Ilikuwa haki kuwaacha, hakuna mtu angewafungia ndani bila chakula. Adhuhuri upepo ukageuka kaskazini, na kabla sijamaliza kukusanya nguo zilizoanikwa sikuiona nyumba. Theluji, mwezi wa tano mwishoni. Bessi alitoka na fimbo na mbwa wa Bakki. Nilimwachia Oddný watoto nikamfuata, nimeshika mkia wa farasi nisipotee.

Tulitafuta siku hiyo yote na jana yote. Tulichoma theluji kwa fimbo kama watu wanaoshona. Unapogusa kitu laini unafukua. Wa kwanza wanane tuliwakuta ukutani pa zizi wamesongamana, hai, joto lao limewatengenezea pango. Nilifikiri Mungu ametuona. Wa tisa alikuwa peke yake amelala juu ya mwanawe, hai. Waliobaki walikuwa wamekwenda na upepo, kama kondoo wafanyavyo, mpaka ukingoni mwa mto, na mto ulikuwa umefunguka siku nne tu zilizopita.

Bessi alikaa juu ya theluji. Alikuwa anahesabu kwa kidole, tisa, anarudi mwanzo, tisa. Nilimshika uso nikamwambia zimebaki siku nane, huenda mmoja yuko hai mahali. Akaniruhusu nimwinue kama mtoto.

Tisa na ng'ombe.

Mei 27

Tumetafuta. Tisa.

Mei 30

Leo asubuhi, Bessi akiwa mtoni kutafuta, nilitoka kukama nikahesabu kumi.

Nilihesabu tena. Kumi. Nikamjua mgeni kwa unene wake. Wetu hawana mgongo kama ule. Alikuwa kondoo wa Steinvör, amevuka mto kufuata wenzake. Nilimshika sikio la kushoto. Kila shamba lina alama yake ya kukata masikioni mwa kondoo. Ya Steinvör ni tundu upande wa kushoto, kulia hakukatwa kitu. Alama yetu ni tundu upande wa kushoto, na kulia ncha imekatwa.

Ni mkato mmoja tu unaotutenganisha.

Sitaandika kwamba sikujua ninachofanya. Katika nchi hii mtu anaweza kuiba mengi akasamehewa, lakini aliyegusa alama ya sikio anatajwa mpaka wajukuu zake. Nilikwenda ndani nikakitoa kisu juu ya boriti. Salvör alikuwa akimvika Ketill zile soksi mpya kichwani kama kofia, wote wawili wanacheka. Nikatoka. Kondoo alitulia kabisa mikononi mwangu, amezoea kushikwa vizuri. Damu ilikuwa kidogo. Niliisugua na majivu.

Nilifikiri kwenda kwa Steinvör kumwomba. Nilifikiri kweli. Lakini zile nyasi za Aprili bado ziko kooni mwangu, na sikupata uso wa kuomba mara ya pili.

Bessi aliporudi nilimwambia mmoja amerudi mwenyewe. Alimkumbatia shingoni bila kumtazama sikio.

Juni 1, Alhamisi

Ormur alikuja saa nne na mashahidi wawili, mmoja wao Finnbogi wa Hlíð, ng'ambo ya mlima. Nilikuwa nimemwosha Salvör uso na kumfunga kitambaa cheupe. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Kama tulikuwa tunabaki, hakukuwa na haja.

Ng'ombe alisimama. Ormur akaandika. Kisha akaingia zizini, akawapitisha kondoo mmoja mmoja katikati ya magoti yake, mkono mmoja mgongoni, mwingine masikioni. Bessi alikuwa anataja kwa sauti, anatania, kwamba mkuu wa kata hajawahi kushika wanyama wengi wenye adabu namna hii. Saba. Nane. Tisa. Wa kumi Ormur alimshika kwa muda mrefu. Akakiondoa kidole gumba sikioni akakitazama. Akakipangusa kwenye suruali.

Hakumwangalia Bessi. Aliniangalia mimi.

"Herdís," akasema, "sikio hili bado bichi."

Bessi alicheka, akidhani ni utani. Halafu akaniona. Nimeishi naye miaka saba na uso ule sikuwahi kuuona.

Ormur akawaambia mashahidi wakangoje kwenye farasi. Akaniambia mimi nimrudishe kondoo kwa mwenyewe, kwa mikono yangu, naye amehesabu tisa.

Nilimpeleka. Njia nzima kondoo alinifuata bila kuvutwa. Steinvör alikuwa anatandaza samadi uwanjani. Nilimwambia yote nimesimama pale, sikuacha hata majivu. Akamgeuza kondoo kichwa, akalitazama sikio, akaliachia.

"Ungeniomba," akasema. "Mtoto wewe. Ungeniomba ningekupa wawili."

Nilikaa chini kwenye samadi.

Yeye hakukaa. Alitupa uma, akafunga shali, akanikokota kurudi tulikotoka, anakwenda mbio kuliko mimi. Tuliwakuta wanaume bado uwanjani. Akamwambia Ormur yule kondoo ni wa Selholt, amewapa, amewapa tangu juma lililopita, aandike kumi.

Ormur alivua kofia. Nilimchukia kwa miezi mitatu, na sasa niliona ni mzee. Alisema, "Steinvör, ningeandika. Lakini hawa wawili wameliona sikio. Nikiandika kumi, lazima niandike na namna alivyofika. Basi Herdís atakwenda kwa hakimu, na nyumba itavunjwa vile vile." Akanigeukia. "Tisa, au kumi na wizi. Chagua wewe."

Nilichagua tisa.

Juni 2

Oddný amekwenda kwa mpwa wake, amepanda farasi wa Ormur, hataki kushikwa. Alinipa sindano zake za kufumia. Akasema mimi nafuma vibaya, huenda kosa lilikuwa la sindano zangu. Bessi amekwenda pwani kuwa mtumishi. Hakunilaumu. Tulipoagana alinikumbusha Februari, kisu kile, alivyokirudisha juu. "Nilitaka uniambie vile," akasema. "Usidhani ulinilazimisha." Sijui kama ni msamaha au ni kitu kingine. Mimi wananichukua Bakki kwa Steinvör, na Ketill kwa kuwa bado ananyonya. Kwa Steinvör. Ndiye aliyeomba nipewe yeye. Alimwomba na Salvör, lakini Finnbogi wa Hlíð aliiomba kata kidogo zaidi.

Salvör alipandishwa mbele ya Finnbogi. Hakulia. Aliniuliza atalala mara ngapi huko kabla ya kurudi. Nami, baada ya yote haya, mdomo wangu ulifunguka ukajibu wenyewe, kwa uhakika ule ule: sabini. Nyasi zikishakatwa, nikamwambia, mara sabini tu.

Akaitikia. Akasema atahesabu.

Juni 9

Joto. Upepo wa kusini.

Juni 15

Majani yanaota kama yamechelewa safari. Steinvör anasema hajaona mwaka wenye nyasi kama hizi. Ng'ambo ya mto Selholt ni kijani mpaka juu ya paa, na hakuna wa kukata.

Juni 21

Jua halizami siku hizi, lakini mtoto hulala hata kukiwa na mwanga, na kila akiamka atakuwa anahesabu. Leo atalala mara ya ishirini. Nimekaa na maziwa ya watu mikononi, nimekumbuka kitu ambacho sikukikumbuka pale kwenye farasi. Mimi ndiye niliyemfundisha hesabu, juu ya kitanda, kwa vidole vyake na vyangu. Tuliishia hapo hapo. Sikupata nafasi ya kumfundisha kinachokuja baada ya ishirini.